Maswali ya Wasomaji kwa Daktari: Skrubu Zinazoyeyuka na Uvimbe wa Mkono

Barua kadhaa zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja: skrubu, pini na vibamba vya kuungia mifupa ya mkono ambavyo huachwa mwilini viishe vyenyewe bila kutolewa. Nimeziweka pamoja kwa kuwa maelezo ya barua ya kwanza yatawasaidia walioandika barua zinazofuata, na kwa sababu hiyo jibu lake ni refu kuliko mengine.

Daktari, salaam. Nikiwa kazini Muscat niliangukiwa na mlango wa kontena, nikavunjika mfupa wa kiganja unaoelekea kidole cha pete, mkono wa kulia. Nilipasuliwa na kuwekewa kibamba kidogo na skrubu nne, nikaambiwa kwamba zitayeyuka zenyewe na sitahitaji kurudi kutolewa. Mfupa uliunga, nikarejea kazini. Sasa niko nyumbani Tanga. Mwaka mmoja na miezi minne baada ya upasuaji, mgongo wa mkono ulianza kuvimba palepale penye kovu. Sina homa. Nimepewa antibayotiki mara tatu. Kila nikizitumia uvimbe hupungua, kisha hurudi. Hospitali moja waliupasua wakidhani ni jipu, yakatoka majimaji meupe, na kidonda kikachukua wiki nyingi kufunga. Maabara walipootesha majimaji hayo hawakupata kijidudu. Eksirei haionyeshi skrubu hata moja. Je, zimeshayeyuka? Na kama zimeyeyuka, huu uvimbe ni wa nini?
*R. H., Tanga*

Ndugu R. H., nianze na eksirei, maana naona ndiyo iliyowapoteza waliokuhudumia. Skrubu za polima, yaani plastiki inayoyeyuka mwilini, hazionekani kwenye eksirei hata siku ya kwanza baada ya upasuaji, kwa sababu haziizuii miale jinsi chuma kinavyoizuia. Kinachoweza kuonekana ni tundu lililotobolewa kwenye mfupa ili skrubu ipite, na tundu hilo linaweza kubaki kwa miaka. Kwa hiyo picha isiyo na skrubu haithibitishi kwamba skrubu imekwisha. Kwa muda uliopita tangu upasuaji wako, na kwa aina ya vibamba vinavyotumika mara nyingi kwenye kiganja, uwezekano mkubwa ni kwamba sehemu yake bado ipo, ila imeshavunjikavunjika.

Vifaa hivi vilianza kutumika kwenye mifupa huko Finland. Mwaka 1984 madaktari wa Helsinki, wakishirikiana na wahandisi wa Tampere, walianza kuunga mifupa ya kifundo cha mguu kwa vijiti vya polima yenye asidi poliglaikoliki kwa wingi, kemikali ambayo ilikuwa imeshazoeleka katika nyuzi za kushonea wagonjwa. Baadaye ikaja asidi polilaktiki, inayodumu mwilini kwa muda mrefu zaidi, na michanganyiko mingine ya hizo mbili. Zote huvunjika kwa namna moja: maji ya mwili hupenya ndani ya polima na kuikata minyororo mirefu ya molekuli, kifaa hupoteza nguvu, baadaye hupoteza umbo, na mwishowe huwa chembechembe ambazo seli za kinga huzimeza. Mabaki ya mwisho hayana shida kubwa, kwa kuwa asidi laktiki mwili unaijua na huigeuza kuwa maji na kaboni dayoksaidi. Shida huwa katika hatua inayotangulia, pale chembechembe na asidi zinapotoka kwa wingi mahali padogo kuliko mishipa ya damu ya hapo inavyoweza kuziondoa. Seli za kinga hukusanyika, nyingine huungana na kuwa seli kubwa zenye viini vingi, majimaji hujaa, na hutokea uvimbe unaofanana kabisa na jipu ilhali hauna kijidudu ndani yake.

Wafini wenyewe ndio walioliandika jambo hili kwa uwazi kuliko wengine. Katika ripoti yao ya mwaka 2000 iliyojumlisha wagonjwa 2,528 waliowekewa vifaa hivyo sehemu mbalimbali za mwili, wagonjwa 108 walipata uvimbe wa namna hii. Kati yao, 107 walitoka katika kundi la watu 2,037 waliowekewa asidi poliglaikoliki, na mmoja tu katika kundi la watu 491 waliowekewa asidi polilaktiki. Waliowekewa ile ya kwanza walivimba, kwa wastani, wiki 11 baada ya upasuaji. Yule mmoja wa kundi la pili alivimba baada ya zaidi ya miaka 4. Idadi hiyo ya mtu mmoja isitufanye tuamini kwamba asidi polilaktiki haina madhara. Kifaa kinachochelewa kuvunjika huchelewa pia kuleta tatizo, na wakati huo mgonjwa ameshaacha kliniki, amehama mji, au, kama wewe, amehama nchi. Uholanzi waliwahi kuona wagonjwa waliowekewa vibamba vya asidi polilaktiki kwenye mfupa wa shavu wakirudi na uvimbe baada ya miaka mitatu na zaidi, na mwaka 2010 madaktari wa mikono wa Ugiriki waliripoti kundi dogo la wagonjwa waliovunjika mifupa ya kiganja, kama wewe, ambao baadhi yao walivimba baada ya zaidi ya mwaka mzima wakiwa wamekwishahesabiwa kuwa wamepona.

Mkono unaliweka wazi tatizo hili kuliko paja au bega. Mgongo wa kiganja hauna nyama ya kutosha kukificha kibamba. Kuna ngozi nyembamba, kisha kano zinazonyoosha vidole, kisha mfupa. Kibamba cha polima lazima kitengenezwe kiwe kinene kuliko cha titani ili kifikie nguvu inayotakiwa, na unene huo unakaa chini ya kano zinazoteleza kila unapofungua na kufumba ngumi. Uvimbe ambao kwenye kifundo cha mguu ungevumilika, mkononi huzisukuma kano hizo, huzinatisha kwenye kovu na kukifanya kidole kisinyooke au kisikunjike chote. Mara chache kano inaweza hata kuchakaa na kukatika.

Kwa maelezo yako, Ndugu R. H., muda ulivyopita, kukosekana kwa homa, majimaji meupe yasiyoota kitu maabara na kidonda kilichochelewa kufunga vinanielekeza kwenye mwitikio wa mwili dhidi ya polima kuliko kwenye maambukizi. Kwamba uvimbe ulipungua kila ulipotumia antibayotiki hakunishawishi sana. Uvimbe wa aina hii hupanda na kushuka wenyewe, na anayepewa dawa siku ambayo ulikuwa karibu kushuka ataisifu dawa. Hata hivyo maambukizi hayawezi kukanushwa kwa barua, hasa kwa kuwa mkono ulishapasuliwa mara ya pili na vijidudu vinaweza kuwa vimeingia hapo.

Nenda kwa daktari bingwa wa mifupa au wa upasuaji wa mikono. Kutoka Tanga unaweza kupewa rufaa ya KCMC, Moshi, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Atakutaka ufumbe na kufumbua ngumi huku ameweka kidole juu ya uvimbe, aone kama unatembea pamoja na kano au umeshikamana na mfupa. Altrasaundi au MRI itaonyesha majimaji na mabaki ya kifaa kuliko eksirei, na kwa kuwa huna chuma mkononi, picha ya MRI haitaharibiwa na kivuli. Kisha atavuta majimaji kwa bomba la sindano. Katika uvimbe wa polima mara nyingi hayo majimaji huwa na ukungu, wakati mwingine yakiwa na vipande vidogo vinavyoonekana kwa macho, na hayana ule uzito wala harufu ya usaha wa jipu. Hapa kuna jambo ambalo huharibika mara nyingi, nami nakuomba ulikumbushe kwa adabu: sampuli igawanywe katika chupa mbili, moja isiyo na dawa kwa ajili ya kuotesha vijidudu, nyingine yenye formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, kwa ajili ya patholojia, yaani uchunguzi wa tishu kwa darubini. Sampuli yote ikitumbukizwa kwenye formalini, hakuna kijidudu kitakachoota, na majibu yatasomeka kwamba hakuna maambukizi hata kama yapo.

Daktari wa patholojia naye lazima aandikiwe kwenye fomu kwamba mgonjwa aliwekewa kifaa cha polima. Nasisitiza hili kwa sababu ya kifua kikuu. Chini ya darubini, seli kubwa zenye viini vingi zilizojikusanya huonekana katika kifua kikuu cha mifupa na kano, na huonekana pia katika mwitikio dhidi ya kitu kigeni. Na kwetu, ambako kifua kikuu cha kiwiko au cha kifundo cha mkono si kitu cha ajabu, msomaji wa kipande asiyejua habari za polima anaweza kukuanzishia dawa za miezi kadhaa zisizokuhusu. Akijua, atakitazama kipande kwa mwanga uliopolaraizishwa, na chembe za polima zitang'aa ndani ya seli. Kosa la upande wa pili nalo lipo: kwa kuwa una historia ya polima, mtu asikimbilie kukuambia kwamba si kifua kikuu. Kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta vinasaba vya kijidudu cha kifua kikuu, kwa sampuli hiyohiyo kitasaidia kuamua.

Kama itathibitika ni polima, matibabu yanategemea ukubwa wa uvimbe na hali ya kano. Uvimbe mdogo usiouma unaweza kuachwa ukiangaliwa. Unaorudirudi kama wako, na hasa kama kidole kimeanza kukakamaa, kwa kawaida husafishwa katika chumba cha upasuaji: daktari huondoa tishu iliyovimba na vipande vya kibamba vilivyobaki, huziachia kano zilizonata, na kuacha mfupa ambao umeshaunga usimame wenyewe. Mazoezi ya vidole yaanze mapema kadiri daktari atakavyoruhusu. Kurudia kuuchana kidogo kidogo kwa wembe kwenye zahanati, kila mara ukipewa vidonge vya wiki moja, ndiyo njia ya kuyakaribisha maambukizi ambayo mwanzoni hayakuwepo.

Mwisho, iandikie hospitali iliyokupasua uombe taarifa ya upasuaji pamoja na nakala ya stika ya kifaa. Kila kifaa cha namna hii huja na stika ndogo yenye jina la mtengenezaji, aina ya malighafi, vipimo na namba ya toleo, na kwa utaratibu mzuri stika hiyo hubandikwa kwenye faili la mgonjwa. Bila kujua malighafi, daktari wa Tanga hawezi kukadiria kama umebakiza miezi au miaka ya kuvimba.

Daktari, nilikatwa kidole na kioo, nikashonwa kano na ngozi. Wiki ya saba sasa, kwenye kovu kumetokea kipele, na juzi ukatoka uzi mdogo wa rangi ya zambarau. Fundi wa dawa wa hapa mtaani ameuvuta, pakauma, akaacha. Je, kano yangu itafunguka?
*Bi. Z., Mombasa*

Bi. Z., uzi wa zambarau kwa kawaida ni uzi wa kuyeyuka wa ndani, aina ya Vicryl au unaofanana nao, ambao huisha katika muda wa takriban siku 56 hadi 70. Fundo lililokaa karibu mno na ngozi husukumwa nje na mwili kabla halijaisha. Uzi unaoshikilia kano, kwa desturi ya madaktari wengi wa mikono, ni wa aina isiyoyeyuka, kwa hiyo huo uliouona huenda ulikuwa unashikilia tabaka la chini ya ngozi tu. Hata hivyo asiuvute mtu asiyejua kilichoshonwa. Muuguzi wa kliniki ataukata kwa mkasi safi ukiwa umeinuliwa kidogo, na sehemu iliyobaki chini itaendelea kuyeyuka. Kama kidole chako hakikunjiki chenyewe ukikiambia kikunjike, au kilikuwa kinakunjika na ghafla kikaacha, hiyo ni habari nyingine na unatakiwa uonwe na aliyekushona ndani ya siku moja au mbili.

Naandika kutoka Ujerumani. Nilianguka kwa baiskeli nikavunjika kifupa kidogo cha kifundo cha mkono kinachoitwa skafoidi. Nilipewa skrubu ya magnesiamu inayoisha mwilini. Wiki ya nane picha inaonyesha eneo jeusi kuzunguka skrubu. Daktari wangu anasema ni gesi na kwamba ni kawaida. Ndugu zangu nyumbani wanasema gesi ndani ya mfupa ni kuoza. Nimsadiki nani?
*K. M., Köln*

Ndugu K. M., daktari wako amesema kweli kuhusu gesi, ila kuna sehemu ya pili ya maelezo ambayo unastahili kuisikia. Magnesiamu ikikutana na maji ya mwili hugeuka kuwa magnesiamu haidroksaidi na kutoa gesi ya haidrojeni. Si gesi ya bakteria wala ya kuoza. Katika miezi ya kwanza, kwenye mifupa yenye damu nyingi, ni jambo linalotarajiwa kuona duara jeusi kuizunguka skrubu, ambalo baadaye hufifia mfupa unapojaza nafasi. Kwenye vidole vya miguu, hasa katika kunyoosha kidole gumba kilichopinda, skrubu hizi zimetumika sana na kwa matokeo mazuri.

Skafoidi si kidole cha mguu. Damu yake nyingi huingilia upande ulio karibu na vidole, kisha husafiri kurudi nyuma kuelekea upande wa kiwiko, hivyo nusu ile ya nyuma huishi kwa damu kidogo, na mvunjiko katikati ya mfupa unaweza kuikata kabisa. Mfupa wenyewe hauzidi ukubwa wa korosho. Gesi na mabaki ya skrubu vinapotolewa kwa kasi mahali kama hapo, havina pa kwenda. Mwaka 2017 madaktari wa hukohuko Ujerumani walichapisha matokeo yao ya mwanzo ya skrubu ya magnesiamu kwa wagonjwa wachache waliovunjika skafoidi, wakaripoti mashimo makubwa ndani ya mfupa. Wafini nao, miaka mingi kabla, walikuwa wameshaitaja mifupa yenye damu haba kuwa mahali pa hatari kwa vifaa vya polima. Kwa maoni yangu, skrubu ya titani isiyo na kichwa, ambayo huachwa ndani ya skafoidi maisha yote bila kusumbua, bado ndiyo chaguo la busara kwa mfupa huu, na sioni ni kero gani ya kuitoa ambayo kifaa cha kuyeyuka kilikuja kuiondoa.

Lakini skrubu yako imeshawekwa, na eneo jeusi la wiki ya nane halitoshi kuhukumu. Omba CT skani, kwa kuwa eksirei ya kawaida haionyeshi vizuri kama skafoidi imeunga au la. Kama mfupa unaunga na shimo halikui, utasubiri na kurudia picha. Kama shimo linapanuka, au vipande vimeanza kuachana, au maumivu ya chini ya kidole gumba yanaongezeka badala ya kupungua, zungumza mapema juu ya kupandikiza mfupa, kabla kifundo hakijapoteza umbo. Na ukisafiri kuja nyumbani wakati huu, beba barua ya daktari wako. Daktari wa zamu asiyejua kuhusu magnesiamu, akiona gesi kwenye picha ya mkono, atafikiria mara moja maambukizi ya bakteria wanaotoa gesi, ambayo ni ya dharura na hupasuliwa usiku huohuo. Na kwa kweli atakuwa na haki ya kufikiria hivyo. Tofauti ni kwamba mwenye maambukizi hayo huwa mgonjwa sana, ana homa, na uvimbe hupanda kwa saa.

Uliuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama magnesiamu itazidi kwenye damu. Skrubu ya ukubwa huo haifiki gramu moja na huisha polepole. Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25 za magnesiamu. Mwenye figo zilizoshindwa ndiye anayepaswa kulizungumza na daktari wake kabla.

Mwanangu wa miaka ishirini amevunjika mfupa wa kidole kwa ajali ya bodaboda. Hospitali binafsi imetupa chaguo mbili: waya wa chuma, au pini ya kuyeyuka ambayo bei yake ni mara kadhaa. Wanasema ya kuyeyuka ni bora kwa sababu hakuna upasuaji wa pili. Nilipe?
*Mama Neema, Mwanza*

Mama Neema, kama ungekuwa dada yangu ningekuambia usikope kwa ajili ya hiyo. Hoja ya upasuaji wa pili ina uzito kwenye sehemu ambazo chuma kinakaa ndani kabisa na kukitoa kunahitaji usingizi na chumba cha upasuaji. Waya wa Kirschner wa kidole huachwa ncha yake nje ya ngozi au chini yake tu, na baada ya takriban wiki nne hadi sita ule ulioachwa nje huvutwa kwa koleo kliniki, mgonjwa akiwa amekaa kwenye kiti, akaenda zake. Waya nao una kasoro zake: tundu lake linaweza kuingia vijidudu, unaweza kulegea, na mgonjwa lazima autunze ukavu. Ila kasoro hizo hujitokeza mapema, wakati bado mko mikononi mwa kliniki, na dawa yake mara nyingi ni kuuvuta tu.

Pini ya kuyeyuka ina udhaifu wa aina nyingine. Ni laini kuliko chuma. Kwa skrubu za namna hiyo, daktari lazima kwanza achonge njia ya nyuzi za skrubu ndani ya tundu, na akikaza kupita kiasi kichwa hukatika hapohapo mezani. Ikiwekwa mahali penye nguvu nyingi inaweza kupinda au kukatika kabla mfupa haujaunga, na mfupa wa kidole ukiunga ukiwa umezunguka hata kidogo, vidole hupishana mtu anapofumba ngumi. Nguvu ya pini na muda wa mfupa kuunga lazima vipatane: asidi poliglaikoliki hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake ndani ya wiki chache, polilaktiki hukaa nayo kwa miezi. Kwa hiyo muulizeni daktari ni ipi kati ya hizo, na ameshazitumia kwenye vidole mara ngapi. Akikujibu kwa utulivu na kukueleza kwa nini mvunjiko wa mwanao unaihitaji, kwa mfano kipande kidogo cha ndani ya kiungo ambacho chuma kitakikwaruza, msikilize. Akikujibu tu kwamba ni ya kisasa, chukueni waya.

Mama yangu, miaka 64, ana baridi yabisi ya kitako cha kidole gumba. Hapa Helsinki wametaja kidude cha mviringo cha kuyeyuka kinachowekwa kati ya mifupa baada ya kuondoa kimoja. Kuna ubaya gani?
*Binti wa Mama Halima*

Vidude hivyo vilitengenezwa kwa nyuzi za asidi polilaktiki ili vishike nafasi ya mfupa ulioondolewa hadi kovu la mwili lichukue mahali pake. Kwa baadhi ya wagonjwa mambo yalikwenda hivyo. Kwa wengine wameripoti uvimbe wa muda mrefu na mifupa ya jirani kuliwa kuzunguka kidude, wengine wakarudishwa kupasuliwa. Tafiti za kulinganisha zilizofanyika Uingereza kwa watu wenye tatizo kama la mama hazikuonyesha kwamba kujaza ile nafasi, hata kwa kano ya mgonjwa mwenyewe, kunaleta matokeo bora waziwazi kuliko kuuondoa mfupa peke yake. Muulizeni daktari ni faida gani anayoitarajia kwa kidude hicho kwa mama, na kama jibu ni nguvu ya kubana, aeleze ameipima vipi. Kabla ya yote, kama mama hajawahi kujaribu kishikizo cha kidole gumba na sindano ya kiungo, upasuaji unaweza kungoja.

Nina kisukari. Miezi mitatu iliyopita niliwekewa pini ya kuyeyuka kidoleni. Tangu jana mkono umevimba hadi kifundo, ni mwekundu na unauma usiku kucha. Nimesoma mahali kwamba uvimbe wa miezi mitatu ni wa pini na hupoa wenyewe. Nisubiri?
*Mzee S., Dar es Salaam*

Hapana, Mzee wangu, usisubiri hata kesho. Ni kweli kwamba wiki ya 11 au 12 ndiyo kipindi ambacho pini za asidi poliglaikoliki huvimbisha, lakini uvimbe huo hukaa palepale penye pini na haupandi mkono mzima kwa usiku mmoja. Kwa mwenye kisukari, mkono mwekundu unaovimba kwa kasi ni dharura. Madaktari wa Dar es Salaam ndio walioeleza kwa kina ugonjwa wa mkono wa wenye kisukari katika nchi za joto, ambao huanza kwa jeraha dogo, mara nyingine mkwaruzo au kuumwa na mdudu, na ukicheleweshwa huishia kwa kukatwa vidole au mkono, na wengine hufariki. Mwenye kisukari huenda asisikie maumivu ya kutosha. Wewe unayasikia, na hilo linanitia wasiwasi zaidi kuhusu kilicho ndani.

Barua hii imejibiwa kwa simu siku ileile ilipofika, na Mzee S. ametoa ruhusa ichapishwe kwa ajili ya wengine. Kwa yeyote mwenye hali kama yake: vua pete zote sasa hivi kabla hazijakaza, inua mkono juu ya usawa wa moyo, usiukande kwa maji ya moto wala kuupaka kitu, pima sukari kama una mashine, na nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji ukiwa umebeba kadi ya kisukari na fomu uliyopewa siku ya kuruhusiwa. Ukifika mapokezi, useme mambo matatu kwa mfuatano huu: una kisukari, mkono umevimba tangu lini, na ndani ya kidole kuna pini ambayo eksirei haitaionyesha.